Injini Yenye Jina la Mlima Wetu

Karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza yangu ya kusomea hapa Manchester. Ni ramani ya reli za Uingereza niliyoichapisha maktaba, nikaichora mistari kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Pembeni nimeandika hesabu ya pauni ambayo nimeifuta na kuirudia mpaka karatasi imeanza kutoboka. Tasnifu yangu ya uzamili inakabidhiwa mwanzoni mwa Septemba. Kabla ya hapo, mwezi Agosti, nimejipa siku nne za kupumua, na nimeamua kuzimaliza ndani ya treni.

Wazo halikuwa langu peke yangu. Mwenzangu wa nyumba, dada wa Kinigeria ninayesoma naye mipango ya usafiri, alikuja na ndoto moja tangu siku ya kwanza: kupita juu ya lile daraja la Uskoti linaloonekana kwenye filamu za Harry Potter, treni ya mvuke ikikata kona huku moshi mweupe ukining'inia bondeni. Mimi sikuwa na picha ya namna hiyo kichwani. Nimekulia Same, jirani na reli ya Tanga kwenda Moshi, ile ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Miaka yote ya utoto wangu sikuona treni ya abiria ikipita pale. Kwetu sisi reli ilikuwa njia ya mkato ya kwenda shule. Tulitembea juu yake tukihesabu mataruma. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporejea Desemba 2019, mimi tayari nilikuwa chuoni. Kwa hiyo nilipofika nchi ambayo watu wazima hulipa nauli ili wapande treni isiyowapeleka popote, nilitaka kujua wanachokitafuta humo.

Tukaketi jikoni na ramani. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba reli zinazomvuta msafiri wa kiangazi hapa ni za aina mbili, na ukizichanganya utaharibu bajeti yako. Kuna reli za mandhari: hizi ni sehemu ya mtandao wa kawaida wa taifa, zina treni za kila siku zinazobeba wanafunzi na mama wenye vikapu, ila zinapita milimani au ufukweni. Humo kadi yetu ya punguzo la vijana inakata theluthi ya nauli. Halafu kuna reli za urithi: hizi zinamilikiwa na vyama na makampuni madogo, zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, na injini zake nyingi ni za mvuke. Humo kadi ya punguzo kwa kawaida haifui dafu, na treni hazipiti kila siku. Kila reli ina kalenda yenye rangi: siku ya kijani ina ratiba yake, ya njano yake, na siku isiyo na rangi hakuna treni. Rangi nyekundu kwenye ramani yangu ni reli za urithi. Bluu ni za mandhari.

Nilipomaliza kuchora niligundua kwamba karibu kila mstari, mwekundu au wa bluu, ni reli iliyowahi kuhukumiwa kufa.

Hukumu hiyo tuliisoma darasani. Machi 1963 Dakta Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa vituo 2,363 na njia za reli zenye urefu wa kilomita 8,000 hivi. Alikuwa mwanafizikia aliyetoka kwenye kampuni ya kemikali, na hoja yake ilikuwa ya mhasibu: sehemu kubwa ya mtandao ilibeba sehemu ndogo sana ya abiria, na serikali ilikuwa imechoka kufidia hasara. Si kila alichopendekeza kilitekelezwa, lakini kwa miaka kumi iliyofuata vijiji vingi viling'olewa reli. Wakati huohuo injini za mvuke zilikuwa zinaondolewa. Treni ya mwisho ya mvuke ya shirika la taifa kwenye njia kuu, iliyoandaliwa makusudi kuaga, ilisafiri tarehe 11 Agosti 1968 kutoka Liverpool kupitia Manchester hadi Carlisle na kurudi. Baada ya hapo injini zikaenda kwa wauza chuma chakavu.

Mmoja wa wauza chuma hao alikuwa Dai Woodham wa mji wa Barry, kusini mwa Wales. Alinunua injini kwa mamia. Lakini mabehewa ya mizigo yalikuwa rahisi zaidi kuyakatakata, basi vijana wake wakaanza na mabehewa na kuziacha injini zikipigwa na upepo wa chumvi wa baharini. Miaka ikapita. Watu wakaanza kuja na michango yao, wakinunua injini moja moja na kuzipeleka kuzitengeneza. Mwishowe injini 213 zilitoka hai kwenye uwanja ule. Nyingi ya zile zinazovuta watalii leo zilipona kwa sababu tu kazi ya kuzichinja iliahirishwa.

Wapo pia ambao hawakungoja bahati. Reli ya Talyllyn, magharibi mwa Wales, ilijengwa miaka ya 1860 kushusha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys. Mmiliki wake, Sir Henry Haydn Jones, alifariki mwaka 1950, na ilionekana wazi kwamba reli itamfuata. Oktoba mwaka huo mwandishi L.T.C. Rolt na wenzake waliitisha mkutano mjini Birmingham, wakaunda chama, na Mei 1951 wakaendesha treni yao ya kwanza. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Kilichonishangaza ni jinsi walivyokuwa watu wa kawaida: makarani, walimu, mafundi, watu waliotumia likizo zao kulala kwenye mahema na kukata nyasi zilizofunika mataruma.

Na ipo reli iliyookolewa kwa sahihi. Njia ya Settle hadi Carlisle ina urefu wa kilomita 116 hivi na inakatiza milima ya kaskazini mwa Uingereza. Miaka ya 1980 shirika la taifa lilitaka kuifunga, likisema daraja la Ribblehead, lenye matao 24, limechakaa na gharama ya kulikarabati haibebeki. Wananchi wakaandika pingamizi kwa maelfu. Mmoja wa wapinzani wakubwa, Graham Nuttall, alikuwa na mbwa aitwaye Ruswarp, na mbwa naye akaweka alama ya unyayo wake kwenye pingamizi, kwa hoja kwamba alikuwa abiria aliyelipiwa nauli. Tarehe 11 Aprili 1989 serikali ilitangaza kwamba reli haitafungwa. Mwaka uliofuata Nuttall alifia mlimani huko Wales alikokwenda kutembea, na Ruswarp alikaa kando ya mwili wa bwana wake kwa wiki kumi na moja za baridi hadi walipopatikana. Sanamu ya mbwa huyo ipo leo kwenye kituo cha Garsdale, inatazama reli.

Nilimsimulia mwenzangu habari hii akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, Settle tunakwenda. Lakini na Glenfinnan pia."

Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Glenfinnan ndilo daraja la filamu: matao 21 ya zege tupu, kwenye reli ya kwenda bandari ya Mallaig iliyofunguliwa mwaka 1901. Kufika huko kutoka Manchester ni lazima upite Glasgow, upande treni ya kaskazini inayokatiza nyanda za Rannoch, mahali penye tope la mboji lisilo na mwisho, ambako wajenzi wa miaka ya 1890 walishindwa kupata ardhi ngumu wakatandika vichaka, mizizi, udongo na majivu mpaka reli ikaelea juu yake. Ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na malazi katikati. Ukijumlisha tikiti ya treni ya mvuke yenyewe, siku nne zimekwisha na mfuko umekwisha. Wales haiingii. Nilikubali. Nilijiambia kwamba Wales ni vijireli vidogo vya machimbo, nitakwenda siku nyingine.

Jumapili hiyo nikampigia simu Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mchumba. Huko bado baridi?"

Babu ana miaka themanini na kitu. Presha ya macho imemla mboni; anatambua mwanga na kivuli, basi. Ananiita mchumba kwa utani wa babu na mjukuu, na kila nikimpigia huuliza baridi kwanza, masomo baadaye. Nilimweleza kuhusu safari.

"Treni za mvuke bado zipo huko?"

"Zipo Babu. Wazee waliostaafu ndio wanaoziendesha. Wanajitolea."

"Hawalipwi?"

"Hawalipwi. Wengi wao wanalipa ada ya uanachama ndiyo waruhusiwe kufanya kazi."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimsikia akimwambia Bibi, "Sikia huyu. Wazungu wanalipa ili wachochee moto." Kisha akarudi kwenye simu na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Na Garati zipo?"

Nilijua kwamba Babu alifanya kazi reli. Kila mtu nyumbani anajua. Aliajiriwa ujanani na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akapelekwa Kenya, akawa mchochea moto kwenye njia ya Mombasa kwenda Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika akarudi Same na sanduku la bati ambalo hadi leo Bibi anawekea mashuka. Hayo ndiyo niliyoyajua. Sikuwahi kumuuliza alichochea moto wa injini gani. Kwangu injini ilikuwa injini.

"Garati ndiyo nini, Babu?"

"Injini mbili zimebeba boila moja. Iliyoandikwa Shengena nimeifanyia kazi. Mzungu aliandika kwa herufi kubwa, Mount Shengena, ubavuni. Mimi nimezaliwa chini ya Shengena, wenzangu wakawa wananiita mwenye injini."

Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Upare. Ukisimama uwanjani kwetu asubuhi yenye mawingu unaona miguu yake tu.

Nikamuuliza kama koleo la makaa lilikuwa zito. Akacheka tena. "Koleo la nini? Zile zilichoma mafuta mazito. Unafungua vali, unaangalia rangi ya moshi. Moshi mweusi unamwaga mafuta ya serikali. Moshi ukikosekana kabisa unapoteza moto. Kazi yenyewe ni jicho." Akanyamaza kidogo. "Na sikio. Zile injini mbili hazipumui pamoja. Zinaanza pamoja, moja inatangulia, nyingine inachelewa, zinapishana, halafu zinakutana tena. Usiku ukipanda kutoka Voi unasikia kama watu wawili wanatwanga kinu kimoja." Halafu akasema neno lililobadilisha ramani yangu. "Kama zipo, nirekodie. Kuona sioni, lakini sauti nitaijua."

Usiku ule sikufungua tasnifu. Nilisoma habari za Garratt mpaka saa nane.

Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi kwenye reli za nchi nyingi, na mwaka 1907 alisajili uvumbuzi wake. Shida aliyoitatua ni hii: reli za makoloni zilijengwa kwa gharama ndogo, zikiwa nyembamba, zenye kona kali na vyuma vyepesi. Injini kubwa yenye nguvu ni ndefu na nzito. Ukiipitisha kwenye reli ya namna hiyo itaacha njia au itavunja chuma. Garratt aliweka boila katikati, likining'inia kati ya mitambo miwili yenye magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma, na kila mtambo unageuka peke yake kwenye kona. Uzito unagawanyika juu ya magurudumu mengi, na boila, kwa kuwa halina magurudumu chini yake, linaweza kuwa nene upendavyo. Kwa maneno mengine, ni injini iliyobuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu, na haikuwa na kazi kubwa katika nchi ilikotengenezwa. Hapa Uingereza zilitumika chache. Afrika zilijaa.

Zile za Babu, daraja la 59, zilikuwa 34, zilitengenezwa miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzizidi kwenye reli za upana wa mita moja popote duniani. Mbili zimebaki, zote Nairobi, kwenye makumbusho ya reli: Mount Gelai na Mount Shengena. Zote mbili zina majina ya milima ya Tanzania.

Na mtengenezaji? Beyer, Peacock na Kampuni, wa Gorton, Manchester. Kutoka chumbani kwangu hadi Gorton ni basi moja.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Kiwanda kilianza mwaka 1854 na kufungwa mwaka 1966, kikiwa kimetoa karibu injini 8,000, zikiwamo Garratt zaidi ya elfu moja. Nilikuta kuta za matofali mekundu, magari ya kazi yameegeshwa, na mvua nyepesi. Nilisimama pale kwa dakika kumi hivi. Nilikuwa nimeishi mji huu karibu mwaka mzima nikilalamika kwamba hauna chochote cha kunihusu.

Kisha nikatafuta Garratt iliyo hai, inayotembea, ambayo ningeweza kuifikia kwa fedha zangu. Jibu likawa Wales.

Kati ya mji wa Caernarfon na bandari ya Porthmadog ipo reli iitwayo Welsh Highland, yenye urefu wa kilomita 40 na upana wa chini kidogo ya sentimita 60. Ilikufa mwaka 1937, na wakati wa vita vyuma vyake vikang'olewa. Watu wa kujitolea waliijenga upya kipande kwa kipande, na mwaka 2011 ikafika tena Porthmadog. Njia ile ina kona kali na mwinuko mkali, kwa hiyo walihitaji injini zenye nguvu za reli nyembamba. Walizipata Afrika Kusini: Garratt ambazo zilikuwa zikifanya kazi Natal. Moja yake, namba 143, ya mwaka 1958, ndiyo Garratt ya mwisho kutoka kiwanda cha Gorton. Na shirika hilohilo la reli linamiliki pia ile ya kwanza kabisa, K1, iliyotengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. K1 ilirudishwa Manchester mwaka 1947 ikawekwa kiwandani kama kumbukumbu, na kiwanda kilipofungwa ikauzwa kwa watu wa reli ya Ffestiniog. Ya kwanza na ya mwisho zimefikia mikononi mwa watu wa kujitolea wa bonde moja la Wales.

Nilimpigia Babu. "Zipo. Lakini ni ndogo. Tani sitini na kitu."

"Hiyo ni mtoto," akasema. "Inachoma nini?"

"Makaa."

"Maskini. Lakini inapumua mara mbili?"

"Inapumua mara mbili."

"Basi niletee huyo mtoto."

Sasa sikia, sitaki kuipamba safari hii kuliko ilivyo. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba reli ya urithi huchagua cha kukumbuka. Njia ya kutoka Blaenau Ffestiniog kushuka Porthmadog, nitakayoipanda siku ya pili, ilifunguliwa mwaka 1836 kushusha mawe ya kuezekea kwa nguvu ya mteremko, na farasi wakipandisha mabehewa matupu. Leo kwenye njia hiyo zipo injini mbili nzuri, Linda na Blanche. Majina hayo ni ya wanawake wa familia ya Lord Penrhyn, mwenye machimbo makubwa ya Bethesda, na injini hizo zilifanya kazi huko kwanza. Utajiri ulioyapanua machimbo hayo ulitoka kwa Richard Pennant, mmiliki wa mashamba ya miwa na watumwa huko Jamaika. Mwaka 1900 wachimbaji wa Penrhyn waligoma, na mgogoro ukadumu miaka mitatu. Familia zilizokataa kurudi kazini zilibandika dirishani maneno ya Kiwelishi yanayosema kwamba nyumba hii haina msaliti. Hakuna injini iliyopewa jina la mchimbaji.

Ribblehead vilevile. Waliolijenga daraja lile kati ya mwaka 1870 na 1874 waliishi kwenye vibanda vya mbao juu ya uwanda wa upepo, katika makambi waliyoyaita Sebastopol na Jericho. Ajali na ndui ziliwaua. Kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale wamezikwa zaidi ya watu 200 wa makambi yale, wanawake na watoto wakiwamo. Robo karne baadaye, kwenye reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, walikufa vibarua wa Kihindi wapatao 2,500, na sisi tunachokumbuka shuleni ni simba wa Tsavo. Kwa hiyo nilipoona jinsi Waingereza wanavyosugua shaba za injini zao mpaka zing'ae, nilijiuliza kama wanachosugua hakiondoki pamoja na vumbi.

Lakini sikuweza kubaki kwenye shaka hiyo, kwa sababu ya lile jambo la mafuta na moshi. Mtu anayejitolea kwenye reli ya Wales huanza kama msafishaji. Anafuta grisi msimu mzima. Akivumilia anafundishwa kuchochea moto, na baada ya miaka anapimwa kama anafaa kuendesha. Anayemfundisha alifundishwa na mwingine, na huyo na mwingine, mpaka unafika kwa mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hicho ndicho walichookoa mwaka 1951, pamoja na chuma. Mount Shengena ipo Nairobi, imetunzwa, unaweza kuigusa, lakini haina moto. Anayejua rangi sahihi ya moshi wake amekaa kibarazani Same na hakuna mtu, mimi wa kwanza, aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo ramani imebadilika. Siku ya kwanza tutakwenda wote, mimi na mwenzangu: Manchester hadi Leeds, Leeds hadi Settle, kushuka Ribblehead na kutembea chini ya matao, kisha Carlisle. Hapo tutaagana. Yeye ataendelea Glasgow na Glenfinnan pamoja na wanafunzi wengine wawili. Alinuna siku moja, kisha akaniazima kinasa sauti chake, akisema simu yangu itanasa upepo tu. Mimi nitarudi, na asubuhi ya pili nitapanda treni ya kawaida hadi Llandudno Junction, nibadilishe kwenda Blaenau Ffestiniog, na kushuka Porthmadog kwa reli ya machimbo. Siku ya nne ni ya Talyllyn, treni ya pwani hadi Tywyn, kama nitakuwa na senti iliyobaki.

Siku ya tatu ndiyo safari yenyewe. Nimeangalia kalenda: ina rangi. Kutoka Porthmadog treni hupita tambarare kwanza, halafu baada ya kijiji cha Beddgelert inaanza kupanda, mita moja kwa kila mita arobaini, kona baada ya kona, kwenda Rhyd Ddu chini ya mlima Snowdon. Hapo ndipo injini inafanya kazi kweli. Nitakaa behewa la kwanza, dirisha wazi, kinasa sauti kimefungwa kwa skafu, na sitaongea.

Leo asubuhi nimelipa tikiti. Nilipomwambia Babu, aliuliza treni inaondoka saa ngapi ili Bibi amwashie simu na kuikalia karibu, ingawa nilimweleza kwamba milimani hakuna mtandao na atasikia baadaye. Nikamwambia, "Babu, na wewe kuna kitu nakutaka. Nikirudi nitakuwa nakupigia kila Jumapili, na nitarekodi. Unieleze kazi yako toka siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza sikuchochea chochote," akasema. "Nilifuta grisi."

Nikachukua kalamu. Nyuma ya karatasi ya hesabu ya pauni kulikuwa na nafasi, nikaandika pale tarehe ya leo, halafu nikamwambia aendelee.